Gnolia Moja, Magnolia Mengi

Niliishi na magnolia miaka minne kabla ya kujua kwamba ni ua. Ilikuwa ukutani. Chumba nilichopanga Barking, mashariki mwa London, kilipakwa rangi ambayo huwezi kuiita nyeupe wala huwezi kuiita njano. Ni rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani hadi ikafanya utando. Nilipomuuliza mwenye nyumba rangi hiyo inaitwaje, alinijibu kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake: magnolia. Baadaye, katika kuhamahama kwangu, nikaona kwamba kila chumba cha kupanga ninachofunguliwa mlango kina rangi hiyohiyo, na sababu yake si urembo. Ukungu ukijitokeza kwenye pembe ya dirisha, mwenye nyumba huja na kopo na brashi, akaufunika, akaondoka, nawe ukabaki kuunusa.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwanzo wa Machi, nilipoingia bustani ya mimea ya Kew na kukuta kibao kinachosema kwamba mti ulio mbele yangu ni Magnolia, jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta ukuta. Mti haukuwa na jani hata moja. Ulikuwa umejaa maua ya waridi makubwa kama mabakuli ya uji, na juu yake ndege ya abiria ilikuwa ikishuka kuelekea Heathrow, magurudumu nje. Katika vitu vyote vilivyokuwa mbele ya macho yangu hapakuwa na hata kimoja chenye rangi ya chumba changu.

Makala hii ni tunda la mshtuko huo. Inakusudia kuainisha upya magnolia yote yachanuayo mapema katika majira ya machipuko, kwa chombo ambacho wataalamu wa Ulaya hawakujaliwa kuwa nacho, yaani ngeli.

Mbinu

Uchunguzi ulifanyika Jumamosi tatu za mwezi Machi. Vifaa vilikuwa daftari moja, kalamu mbili (moja nyekundu, kwa ajili ya hitimisho), chupa ya chai, na viazi karai vinne vilivyoisha kabla treni haijafika Hammersmith.

Msomaji atauliza kama Jumamosi tatu zinatosha. Ni swali la haki. Kew ilianzishwa kama bustani ya mimea mwaka 1759 na Binti Mfalme Augusta, mama wa Mfalme George wa Tatu, na hebaria yake ina vielelezo vya mimea mikavu vipatavyo milioni 7. Ndiko ilikosimamiwa kazi ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, ambayo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1952 na cha mwisho mwaka 2012, spishi zaidi ya 12,000 kwa jumla. Miaka 60. Lakini wao walikuwa wanahesabu mimea. Mimi nilikuwa nahesabu viambishi, na viambishi vya ngeli za Kiswahili havifiki ishirini.

Walionitangulia

Jina linatokana na Pierre Magnol, aliyezaliwa mwaka 1638 na kufariki mwaka 1715, mtaalamu wa mimea wa mji wa Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1689 Bwana Magnol alitoa kitabu kilichoipanga mimea katika familia, akitumia neno hilohilo la familia, kana kwamba mimea nayo ina wajomba na madeni ya mahari. Mwaka 1703 mtawa Mfaransa, Charles Plumier, aliupa mti mmoja wa kisiwa cha Martinique jina la Magnolia kwa heshima yake. Ndivyo mtu aliyetafutia mimea familia alivyopewa familia asiyoizaa.

Kisha akaja Msweden Carl Linnaeus na kitabu chake cha mwaka 1753. Linnaeus alikuwa na utaratibu mmoja tu: hesabu viungo vya kiume vya ua, hesabu vya kike, andika jibu. Magnolia ikamshinda kuhesabu, akaitia katika kundi alilolipa jina lenye maana ya waume wengi, wake wengi. Mzee yeyote wa baraza la Pwani angeutupilia mbali uainishaji huo kabla ya duru ya pili ya kahawa, na si kwa sababu za kisayansi. Lakini naomba msomaji alikumbuke kundi hilo, maana nitalirudia nikiwa nimeaibika.

Nadharia

Kiswahili hakipokei neno geni bila kulikagua mlangoni. Kitabu kilikuja kutoka Kiarabu na ki yake ikiwa sehemu ya mwili. Sisi tukaiona ni nguo, tukaivua, tukapata vitabu. Kibao cha Kiingereza kilichowaamuru madereva washike kushoto kikawa kipilefti, na mji ukikua unakuwa na vipilefti. Vile vikinga tope vya baiskeli na magari vikaitwa madigadi, na kimoja kikipotea, fundi anakuuzia digadi. Hakuna aliyelalamika kwamba tumekosea. Hatukukosea, tuliona kilichofichwa ndani ya neno, ambacho wenyewe hawakukiona.

Kwa kanuni hiyohiyo, magnolia ni wingi. Umoja wake ni gnolia. Gnolia moja, magnolia mengi.

Najua pingamizi. Maktaba, mashine na maiti nazo huanza kwa ma, na bado hakuna aliyewahi kuzika iti. Nakubali. Lakini mashine huja moja moja, maiti pia, Mungu atuepushe. Magnolia nimeyachunguza Jumamosi tatu na sijaona mti wenye ua moja. Ama hakuna kitu, ama ni mafuriko. Kitu kisichoonekana ila kwa wingi kina haki ya kiambishi cha wingi, na kama umoja wake haujulikani kwa wazungumzaji wa Kifaransa, hilo ni pengo la Kifaransa. Kuhusu Bwana Magnol mwenyewe, kanuni ingetulazimisha tuulize kama naye hakuwa wengi. Nimeamua kumstahi marehemu na kumwacha katika A-WA.

Tangu hapa, basi, nitasema magnolia haya.

Ngeli ya U-I: mgnolia, mignolia

Huu ndio mti. Hutamkwa kwa kufumba mdomo kama mtu aliyeombwa mkopo, kisha kuufumbua ghafla.

Sifa yake kuu ni kukosa subira. Mti wenye adabu huvaa majani kwanza, ukatulia, ndipo ukatoa maua. Mgnolia wa Machi hutoka nje na vito tupu, majani yatafuata mwezi ujao. Kwetu msufi hufanya hivyo hivyo, lakini msufi huchanua katika joto, na hakuna atakayeuuliza. Mgnolia huchanua wakati watu wa treni bado wana glovu.

Ila haukosi nguo kabisa. Majira yote ya baridi matumba yake hukaa ndani ya magamba yenye manyoya, laini kama sikio la mtoto wa paka, rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Nililishika moja lililokuwa limefunguka upande: gamba limechanika kwa urefu, na ndani yake waridi limejikunja kama kanga iliyofungwa haraka ndani ya mkoba. Gamba likishafanya kazi yake huanguka. Chini ya mti mmoja niliyahesabu zaidi ya hamsini kwenye nyasi, na sikuacha kufikiri juu ya makoti yanayovuliwa mlangoni kwenye harusi ya wakati wa baridi hapa London, pale kila mtu anapotaka ionekane alichovaa ndani. Katika tiba ya Kichina matumba haya, yakiwa bado na koti, hukaushwa na kupewa mtu aliyeziba pua. Nilikuwa na mafua siku hiyo. Lakini bustani hairuhusu kuchuma.

Kuna jambo jingine kuhusu matumba ambalo nashangaa mashehe wa London hawajalitumia. Tumba likianza kunenepa, upande unaopigwa na jua la kusini hukua haraka kuliko wa pili, na ncha hupinda kuelekea kaskazini. Mara nyingi mti mzima huwa umeinamia upande mmoja, kama safu iliyosikia kitu. Sasa, kibla ya London iko kusini mashariki, karibu zaidi na mashariki. Kwa hiyo aliyeshikwa na adhuhuri katikati ya Kew bila simu na ayape matumba mgongo, kisha ageuke kushoto kidogo kupita nusu ya njia ya kufikia mashariki. Nilijaribu. Nilikosea kidogo tu, na kosa lilikuwa langu. Mti ulikuwa sahihi.

Ndani ya U-I nimelazimika kuweka daraja la juu, kwa heshima ya Magnolia campbellii, jitu la Himalaya. Alilipa jina Joseph Hooker, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa Kew hii hii, kwa heshima ya Archibald Campbell, mkuu wa Darjeeling wakati wa utawala wa Waingereza. Wawili hao mwaka 1849 walikamatwa na kuzuiliwa pamoja huko Sikkim, na nadhani mtu uliyelala naye mahabusu anastahili angalau mti. Ukiupanda kwa mbegu, campbellii huweza kukaa miaka 20, hata 30, bila kutoa ua. Mtu anapanda, anaoa, anasomesha, anastaafu, na mti bado unafikiri. Mvumilivu hula mbivu, wanasema wahenga, ila hapa hakuna mbivu ya kula.

Ngeli ya LI-YA: gnolia, magnolia

Hapa ndipo sayansi ilipokwama, na naomba nikae kidogo.

Ua la kawaida lina mpangilio unaofundishwa darasa la sita: nje sepali, za kijani, walinzi, ndani petali, za rangi, wenyeji. Gnolia halina mgawanyo huo. Vipande vyake vyote vinafanana, na huwezi kujua nani mlinzi na nani mwenyeji. Wataalamu walipoona hivyo hawakusema kwamba mgawanyo wao una kasoro. Walibuni neno jipya, tepali, kwa ajili ya kitu ambacho si sepali wala petali. Ni sawa na karani wa forodha anayekuta mzigo usiomo kwenye orodha yake, akaandika mstari mpya unaoitwa mengineyo, akapiga muhuri.

Kiswahili hakina tatizo hilo. Ua ni ua, na vipande vyake ni vya kwake.

Tepali ni nene. Nimezipapasa zilizoanguka, na si kitambaa, ni ngozi. Ukikunja moja katikati inakatika kwa mlio mdogo, kama kipande cha nazi changa. Unene huo una sababu, nayo nitaifikia kwenye A-WA. Magnolia ya Kichina, Magnolia denudata, yale meupe yaliyopandwa kwenye mahekalu ya Kibudha karne nyingi kabla Joseph Banks hajayaleta Uingereza mwaka 1780, yana tepali tisa, zimesimama wima kama vidole vya mtu anayepokea dua. Campbellii ina zaidi, na ina ufundi wa peke yake: tepali za nje hujilaza chini, za ndani hubaki zimefumbana juu, hata ua zima likafanana na kikombe juu ya kisahani chake. Nilisimama chini ya mti huo na chupa yangu ya chai na kifuniko chake cha plastiki, nikajiona nimekuja ugenini na sufuria.

Yale mabakuli ya uji niliyokutana nayo siku ya kwanza ni chotara. Baba na mama wametoka China, chotara akazaliwa Ufaransa. Aliyefunga ndoa hiyo ni Étienne Soulange-Bodin, askari wa farasi wa jeshi la Napoleon, aliyechoka na vita akarudi bustanini kwake karibu na Paris, akiamini kwamba ingekuwa heri majeshi yote yangebaki nyumbani yakapanda kabichi. Kabichi zake sizijui ziliishia wapi. Mche wake wa Magnolia × soulangeana ulichanua mara ya kwanza mwaka 1826, na leo hakuna mtaa wa London wenye viunga usiokuwa na mmoja, umebanwa kati ya mapipa ya taka na gari. Kwa maoni yangu ndilo gnolia lililo zuri kuliko yote, na wajuzi wa Kew hulipita bila kugeuza shingo kwa sababu kila mtu analo. Ujuzi una gharama zake.

Ngeli ya KI-VI: kignolia, vignolia

Magnolia stellata, kutoka Japani. Kichaka zaidi kuliko mti, kinamfikia mtu mabegani au kumpita kidogo. Tepali zake ni nyembamba na nyingi, dazeni na zaidi, zimelegea kila upande. Ukikitazama kwa mbali ni kama mtu amechana karatasi nyeupe akaitundika akaondoka. Najua KI-VI wakati mwingine hubeba dharau, kizee, kijitu. Hapa hakuna dharau. Hapa kuna urefu.

Ngeli ya I-ZI: rangi

Nyeupe, waridi, zambarau. Njano pia, tangu bustani ya mimea ya Brooklyn, New York, ilipochanganya damu ya mti wa Marekani na ya denudata, ikapata magnolia yenye rangi ya siagi, ikayaita Elizabeth, jina la mkurugenzi wake wa wakati huo. Rangi ya ukuta wangu sijaiona kwenye mti wowote. Niliikaribia mara moja tu, kwenye tepali ya denudata iliyokuwa imelala chini kwa siku mbili na kukanyagwa.

Ngeli ya A-WA: wenye uhai

Wa kwanza ni mbawakawa, na ni kwa ajili yake unene ule wa tepali. Visukuku vya jamaa za magnolia vina umri wa karibu miaka milioni 100, wakati dinosari wakiwa bado wenye mali, na ukoo huu ulijenga urafiki wake na mbawakawa. Mbawakawa si nyuki. Nyuki hubisha hodi. Mbawakawa huingia na viatu, anakula chavua, anatafuna ukuta, anakwenda haja, analala. Nyumba ya mgeni wa namna hiyo lazima ijengwe imara. Nyuki wa leo nao hufika Kew jua likitoka, nimewaona, wanazunguka mle ndani kama watu waliokodi ukumbi mkubwa kuliko shughuli yao.

Gnolia linapofunguka kwanza huwa la kike, likawa tayari kupokea chavua iliyobebwa kutoka kwingine. Baadaye ndipo linapogeuka la kiume na kutoa ya kwake. Kwa Mfaransa jambo hilo ni balaa la sarufi, maana itambidi abadilishe kila kivumishi kati ya jana na leo. Kwetu ua linabaki lile lile. Hatukuwahi kuuliza.

Katika A-WA wamo pia wageni wa bustani. Yuko mpiga picha anayelala chali kwenye nyasi zilizolowa ili apate ua bila mti. Yuko anayenusa kila ua kwa zamu na kutikisa kichwa kama mwonja chumvi. Kuna wazee wawili wa Kiingereza, mume na mke, niliowakuta Jumamosi zote tatu kwenye benchi moja, wakilaumu kwamba mwaka huu yamewahi. Kuna mtoto aliyeokota tepali akaifanya kijiko, akamlisha mdogo wake hewa. Na kuna kindi, ambao hukata matumba kwa meno na kuyatupa chini bila kuyala, kwa sababu ambazo hawakunieleza.

Ugnolia, katika ngeli ya U, ni hali inayowapata wote hao waliotajwa. Hauna wingi.

Ngeli ya PA-KU-MU: mahali

Magnolia ya asili yanapatikana kusini, mashariki na kusini mashariki ya Asia, na katika mabara ya Amerika kutoka Kanada ya kusini hadi Brazili. Spishi zake zinapita 300, na karibu nusu ziko hatarini kutoweka, nyingi kwa kukatiwa misitu. Kati ya pande hizo mbili za dunia kuna bara zima ambalo halina hata moja lililo la asili, nalo ni letu. Nilipitia orodha kutoka juu hadi chini. Jumamosi ya pili, saa tisa alasiri, nikachukua kalamu nyekundu na kuandika hitimisho: Afrika Mashariki, jamaa, hakuna. Nikapiga mstari chini yake. Ulikuwa mstari mzuri, ulionyooka.

Jumamosi ya tatu

Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu, wiki sita, na nilikuwa nimemwahidi maua. Usiku wa kuamkia Ijumaa jalidi ikaanguka. Nilijua tangu asubuhi, nilipokuta kioo cha gari la jirani kimefanya chumvi, lakini ahadi ni deni, Jumamosi tukapanda treni.

Jalidi ikiyapata magnolia yakiwa yamefunguka hayasinyai taratibu. Yanabadilika kwa mkupuo, mti mzima, kuwa kahawia ya maganda ya ndizi yaliyokaa juani. Shangazi, dera ndani, koti la kuazima juu, mtandio juu ya kofia ya sufu, alisimama mbele ya soulangeana akaangalia juu.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo, shangazi. Juzi yalikuwa mazuri."

"Kila cha juzi kizuri."

Nilianza kumweleza nadharia yangu. Gnolia aliipokea vizuri, akacheka, akasema hata yeye angesema hivyo. Nilipofika kwenye tepali alikuwa ameshaacha kunisikiliza. Alikuwa ameinama chini ya mti wa pembeni, uliokuwa umeanza kupukutika kabla ya jalidi, akaokota kijiti ambacho bila shaka kilikatwa na kindi. Ua lake lilikuwa limemaliza. Tepali zote zilikwisha kuanguka, na kilichobaki ni kile kilichokuwa kimejificha katikati wakati watu wote wanapiga picha: kitu kidogo cha kijani, kirefu kama pingili ya kidole cha mwisho, kimesimama juu ya kikonyo, kimezungukwa na ncha laini zilizopinda, safu juu ya safu, kutoka chini hadi juu.

Alikiweka kwenye kiganja akakigeuza.

"Mwanangu, hili stafeli."

"Shangazi, hiyo ni familia nyingine kabisa. Kwetu haina jamaa."

"Nani kakwambia?"

Nilimwonyesha mstari mwekundu. Hakuutazama. "Hujaona stafeli changa la siku tatu, likiwa bado na kucha zake? Lina tofauti gani na hili?" Akainama tena, akaokota tepali ya kahawia, akaikunja hadi ikakatika. "Na ua la mstafeli si nene hivi hivi, kama limekatwa kwenye ngozi? Na lenyewe halitembelewi na nyuki, linatembelewa na vidudu." Kisha akakwaruza ganda la kijiti kwa ukucha na kunisogezea puani. Mafua yalikuwa yamepona. Ilikuwa harufu kali ya viungo, na kwa dakika moja nilikuwa nyuma ya nyumba yao, nikiwa na miaka minane, nimevunja tawi nililokatazwa kupanda.

Tukakaa kwenye benchi, wale wazee wa Kiingereza wakasogea kutupa nafasi, nikatoa simu. Ilichukua dakika tatu. Juu ya familia kuna oda, na oda ya magnolia inaitwa Magnoliales, na ndani yake, kwa ushahidi wa vinasaba, wamekaa mstafeli, mtopetope na mlangilangi, na upande mwingine mkungumanga. Hao wa kwanza ni familia moja, watoto wa shangazi na mjomba kwa magnolia. Kisha nikakumbuka lile kundi la waume wengi, wake wengi. Nikatafuta. Katika kitabu cha mwaka 1753 Linnaeus aliuweka mstafeli humo humo, mkeka mmoja na magnolia. Yule Msweden niliyemcheka kwa kuhesabu alikuwa amewakutanisha ndugu miaka mia mbili sabini kabla yangu, na mimi nikawatenganisha kwa kalamu nyekundu, saa tisa alasiri, kwa sababu nilikuwa natafuta jina badala ya kutazama tunda.

Nilimmiminia shangazi chai kwenye kifuniko. Akanywa polepole, kijiti kikiwa bado kwenye mkono wa pili.

"Linakamuliwa juisi?"

"Hapana, shangazi. Haliliwi."

Aliutazama mti kutoka juu hadi kwenye mizizi, maganda yake yote ya ndizi, bila haraka, kama anavyomtazama kijana wa ukoo aliyerudi kutoka masomoni bila kazi.

"Basi bado," akasema, na kukitia kile kijiti mkobani.

Nikageuka kutazama ndege inayoshuka Heathrow, ili nisiwe shahidi.